"Ana homa tu, nesi": maneno na vipimo ambavyo kila nyumba yenye mgonjwa yapaswa kuvijua

Neno homa katika Kiswahili limebebeshwa mzigo mkubwa. Mwenye mafua huambiwa ana homa, mwenye malaria ana homa, aliyechemka mwili kwa sababu ya kidonda kilichoingia usaha ana homa, na hata aliyeamka mchovu, viungo vikimuuma, husema anahisi homa. Baina ya jirani na jirani neno hilo latosha. Lakini mgonjwa anapofikishwa kituo cha afya, na mhudumu mwenye kalamu na karatasi akauliza anasumbuliwa na nini, jibu la "Ana homa tu, nesi" huweza kumficha mgonjwa badala ya kumwonyesha. Mhudumu hakuuliza jina la maradhi, kwani hilo litatafutwa ndani. Aliuliza kilichoonekana: mwili ulichemka lini, ulichemka kiasi gani, mgonjwa anapumua vipi, anakula, anakojoa, anamtambua mamaye?

Mhudumu huyo aghalabu si daktari. Ni muuguzi msaidizi, au mhudumu wa afya aliyesomea kazi yake kwa muda mfupi. Mara nyingi ndiye wa kwanza kumgusa mgonjwa, na wodini ndiye anayerudi kitandani mara nyingi zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kupima na kuandika ishara za uhai: joto la mwili, mapigo ya moyo, idadi ya pumzi, shinikizo la damu, na siku hizi kiwango cha oksijeni katika damu. Hutazama pia kama mgonjwa ana fahamu zake. Daktari huenda akapita mara moja kwa siku, na katika saa zilizobaki hutegemea kile kilichoandikwa kwenye karatasi ile. Makala haya yanawahusu vijana wanaofikiria kuingia katika kazi hiyo, lakini zaidi yanazihusu familia, maana katika nyumba zetu nyingi muuguzi wa kwanza ni mama, dada au mkwe, naye hana karatasi wala saa.

Kumsoma mgonjwa kwa vidole ni elimu kongwe. Ibn Sina (980–1037), katika kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb, aliandika kwa urefu juu ya mapigo ya mshipa: ukubwa wake, nguvu yake, kasi yake na mpangilio wake. Joto lilichelewa zaidi kupata namba. Mwaka 1868 daktari wa Leipzig, Carl Wunderlich, alichapisha kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, na ndicho kilichoifanya nyuzi 37 za Selsiasi ijulikane kuwa joto la kawaida la mwanadamu. Kipimajoto cha zama zake kilikuwa kirefu kama futi moja na kilikaa kwapani hadi dakika 20. Karibu na wakati huohuo Mwingereza Thomas Clifford Allbutt alibuni kile kifupi kinachotosha mfukoni. Mashine ya presha yenye kitambaa cha kufunga mkononi ilitoka kwa Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na Mrusi Nikolai Korotkov alionyesha mwaka 1905 jinsi ya kuisikiliza damu kwa kifaa cha masikioni. Vyombo hivi, basi, ni vigeni zaidi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na joto. Kipimajoto kikiwekwa katika kwapa kavu, mkono ukabanwa mpaka kilie, nyuzi 37.5 na kuendelea huhesabiwa kuwa homa. Kiganja cha mama juu ya paji la uso ni rafiki mwema, lakini hakitofautishi 37.8 na 39.5, na kinadanganywa na mkono uliotoka kuosha vyombo. Aliyempa mgonjwa parasetamoli kabla ya kuondoka nyumbani aseme, na aseme saa aliyompa, kwa sababu kipimajoto cha kituoni kitamkuta amepungua joto na huenda akaonekana hana neno.

Hapa lugha yetu inatutega mara nyingine. Tunasema "amepoa", "mwili umepoa", na nyuso zinakunjuka. Kwa mgonjwa aliyekuwa akichemka, ambaye sasa amekaa, anakunywa uji na kuuliza habari za watu, kupoa ni kheri. Kwa kichanga wa siku tano aliyeacha kunyonya, kupoa ni hatari kubwa. Mtoto mchanga hutakiwa awe baina ya nyuzi 36.5 na 37.5, akishuka chini ya 35.5 huyo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo, akiwa amefunikwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Wazee nao wana siri yao. Maambukizi makali kwa mzee wa miaka 80 yanaweza yasipandishe joto hata kidogo, ila utamwona ameanza kuchanganya maneno, amelala kupita kawaida, au amekataa chakula alichokipenda. Watu wa nyumbani husema ni uzee. Muuguzi mzuri huandika kwamba jana alikuwa akizungumza vizuri na leo hamtambui mwanawe, na mstari huo mmoja humwamsha daktari.

Lipo neno jingine lililogharimu roho za watoto: degedege. Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 uliwakuta watu wakiuogopa ugonjwa huo kwa haki, lakini wengi wakiuhusisha na pepo anayekuja kwa sura ya ndege, hivyo mtoto akapelekwa kwa mganga kwanza na hospitali baadaye. Mtoto anayekakamaa, akageuza macho na kutikisika, huenda ana degedege la joto kali, ambalo mara nyingi hupita. Lakini huenda pia ni malaria iliyofika kwenye ubongo, au homa ya uti wa mgongo, na hayo hayasubiri. Kwa macho huwezi kuyatenganisha. La kufanya ni kumlaza kwa ubavu, kumlegeza nguo, kutomtia kitu chochote kinywani, si kijiko, si maji, si dawa, kutazama saa ili ujue limechukua muda gani, na kwenda kituoni. Neno degedege si baya, na wahudumu wanalielewa. Ubaya upo katika njia ambayo neno hilo limezoea kutuelekeza.

Nataka kukaa zaidi kwenye pumzi, kwa sababu ndiyo ishara inayodharauliwa kuliko zote. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la Australia lilichapisha makala ambayo kichwa chake chenyewe kiliiita idadi ya pumzi ishara iliyopuuzwa. Kila aliyekaa wodini anajua sababu. Joto lina chombo, presha ina mashine, lakini pumzi haina ila macho na dakika moja ya subira. Mhudumu mwenye wagonjwa 30 hukosa dakika hiyo, akaandika 20 kwa huyu, 20 kwa yule, 20 kwa wote. Ukiiona karatasi ambayo wodi nzima inapumua mara 20, jua hakuna aliyehesabu. Nayo pumzi huwa ya kwanza kubadilika mwili unapoanza kushindwa, iwe ni kwa nimonia, kwa damu iliyochafuka kwa vijidudu au kwa sukari iliyopanda mno. Chuo cha matabibu cha London kilipotoa mwaka 2012 utaratibu wa kutoa alama kwa ishara za uhai ili kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, pumzi 25 au zaidi kwa dakika kwa mtu mzima zilipewa alama ya juu kabisa ya hatari, sawasawa na presha iliyoporomoka.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mtoto hupumua kwa kasi zaidi, na kwake zipo namba tatu ambazo laiti zingeandikwa kwenye mlango wa kila jiko: kichanga aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Mwenye kikohozi akifikia namba ya umri wake, hiyo ni dalili ya nimonia, na yapasa aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Hesabu dakika nzima, kwa saa au simu yenye kuonyesha sekunde, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Inua nguo utazame tumbo na kifua. Kila kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa kichanga rudia mara ya pili, maana pumzi za wachanga huenda kwa mafungu, mara mbio mara polepole. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au anakoroma kwa kila pumzi, au midomo imegeuka rangi, acha kuhesabu uondoke. Na kwa mtu mzima kuna ujanja mmoja wa wauguzi wa zamani: mshike kifundo cha mkono kana kwamba bado wapima mapigo, kisha uhesabu kifua. Akijua unahesabu pumzi zake atazibadilisha bila kukusudia.

Mapigo ya moyo ni mepesi zaidi. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, upande wa dole gumba la mgonjwa kwenye kifundo. Usitumie dole gumba lako, kwa kuwa lina mapigo yake. Mtu mzima hupata 60 hadi 100 kwa dakika, mtoto zaidi. Palipo na hatari halisi ni kwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Mwili wa mama kijana hustahimili kupoteza damu kwa muda kwa kuupiga mbio moyo, presha ikibaki kama kawaida, kisha presha huanguka kwa ghafla. Ndiyo maana katika saa za mwanzo baada ya uzazi muuguzi hurudi tena na tena kushika mkono wa mzazi ambaye kwa macho ya ndugu "amejifungua salama" na anahitaji kuachwa apumzike. Mkaribisheni. Na kama mmeshafika nyumbani, damu inayolowesha vitambaa haraka pamoja na moyo kwenda mbio na kizunguzungu ni safari ya kurudi hospitali, usiku au mchana.

Sasa presha. Jina lake rasmi ni shinikizo la damu, nalo lina namba mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapokaza, ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Namba 120 kwa 80 inajulikana na wengi. Vipimo vya 140 kwa 90 au zaidi, vikipatikana katika siku mbili tofauti, ndivyo huitwa shinikizo la juu. Mtaani presha imefanywa ugonjwa wa mawazo na hasira: "Usimwambie hilo, ana presha." Wengi huamini pia kwamba mwenye nayo huisikia, kichwa kikimgonga. Ukweli ni kwamba kwa kawaida haina dalili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu hawajui kama wanalo. Mgonjwa anayeacha vidonge kwa kuwa "najisikia vizuri" anajisikia vizuri kwa sababu ya vidonge, au kwa sababu ugonjwa haukuwahi kumpa taarifa. Taarifa ya kwanza huenda ikawa kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama. Hapo swali la hospitali litakuwa saa ngapi mara ya mwisho alionekana mzima, na anayelijua jibu ni mtu wa nyumbani, ikiwa hakupoteza muda kwanza kutafuta upepo mbaya.

Kipimo chenyewe huharibika kwa urahisi. Mtu apumzike dakika 5 akiwa amekaa, mgongo umeegemea, miguu yote sakafuni bila kupishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, asizungumze, na awe ameshakwenda haja ndogo. Kitambaa cha mashine kifungwe kwenye mkono mtupu; juu ya mkono wa baibui au shati nene namba hupotoka, na mkono wa nguo uliokunjwa ukabana juu ya kiwiko nao hupotosha. Mwanamke akiomba pazia au muuguzi wa kike ili aweze kufunua mkono ipasavyo, haombi upendeleo, anaomba kipimo sahihi. Mwenye mkono mnene afungwe kitambaa kikubwa, la sivyo kidogo kitampa presha asiyokuwa nayo.

Kwa mjamzito namba hizo zina uzito wa pekee, na hapa neno latutega tena. Ugonjwa tunaouita kifafa cha mimba huanza kimyakimya, aghalabu baada ya wiki ya 20, kwa presha ya 140 kwa 90 au zaidi na protini katika mkojo. Kuanguka na kukakamaa ni hatua ya mbele. Lakini kwa kuwa jina limesema kifafa, mama mkwe humtazama mkaza mwana aliyevimba uso, analalamika kichwa na kuona vimulimuli, akasema kwa nia njema kabisa kwamba kwao hakuna kifafa, na huyu hajaanguka. Wengine huficha jina hilo kwa kuogopa kwamba binti atasemwa ana ugonjwa wa ukoo. Kifafa cha mimba hakihusiani na kifafa hicho. Kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu, maumivu makali chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba: lolote kati ya haya kwa mjamzito linatosha kwenda kupimwa presha leo, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Kile kidude kinachobana kidole hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga katika nyama ya kidole. Mtu mwenye afya hupata 95 hadi 100; chini ya 90 ni dharura. Wasomaji wetu wa pwani wajue kwamba hina nyeusi iliyokolea, piko, na rangi ya kucha huweza kuuzuia mwanga huo, kwa hiyo bibi harusi aliyepata pumu siku ya tatu ya sherehe apimwe kwenye kidole kisichopambwa au ndewe ya sikio. Jambo zito zaidi ni kwamba utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa hiki kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kikisema 93 na mgonjwa anahema kwa shida, aaminiwe mgonjwa.

Mengine ni maneno ya wodini yanayosikika tofauti nje ya mlango. Daktari akisema ugonjwa ni sugu, ndugu husikia kwamba umeshindikana; yeye amesema ni wa muda mrefu, kama kisukari, na mtu huweza kuishi nao miaka 40. Akisema hali imetulia, ndugu hupiga simu kijijini kwamba amepona. Yeye amesema namba hazijazidi kuwa mbaya tangu asubuhi. Fahamu nazo zina ngazi zake. Mhudumu huandika kama mgonjwa yu macho, au anaitika akiitwa, au anashtuka akifinywa tu, au haitiki kabisa, ilhali sisi kwa yote hayo huwa na neno moja, "amelala". Ndugu anayekesha akiona mgonjwa aliyekuwa akiitika sasa anahitaji kutikiswa, aite mtu. Wala asione haya kuuliza, "Nesi, presha yake leo ngapi?" Muuguzi aliyehesabu kweli hukasirika mara chache kwa swali hilo.

Nyumbani linatosha daftari la shule. Kila siku andika tarehe, saa, joto, pumzi, alichokunywa, kama amekojoa, dawa na saa yake. Mwenye zamu ya usiku akimpisha wa asubuhi amsomee, asimwambie tu kuwa "amelala vizuri".

Kuhusu saa, kuna mtego mmoja wa Kiswahili ambao ni lazima utajwe. Karatasi ya hospitali huandika 20:00, nasi twaita saa mbili usiku. Aliyeambiwa ampe mgonjwa dawa "saa 8" ameambiwa saa mbili asubuhi, au saa nane mchana? Na kila baada ya saa 8, je? Bahasha ya dawa yenye 1x3 ina maana ya kidonge kimoja mara tatu kwa siku, nafasi ikiwa takriban saa nane kati ya kimoja na kingine; si vidonge vitatu kwa mpigo, na si kimoja ifikapo saa nane. Kabla ya kuondoka dirishani, mwombe mtoa dawa aandike kwa saa mnazozitumia nyumbani, asubuhi, mchana na usiku, kisha umsomee alichoandika naye akusikilize.